Izakaya kwa mgeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwezi wa nne na mwezi wa kumi, wanafunzi wapya kutoka nyumbani wanapotua Japani, simu yangu huanza kulia. Ujumbe ni uleule: "Kaka shikamoo. Wenzangu wa maabara wamenialika izakaya Ijumaa jioni. Ndiyo kitu gani? Mimi sinywi, niende?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Bei ninazotaja ni za Tokyo. Ukiwa mikoani, mara nyingi utakuta nafuu.

Izakaya ni baa au ni mgahawa?

Vyote viwili, na hapo ndipo wengi wetu tunapochanganyikiwa. Nyumbani, baa na jiko mara nyingi ni biashara mbili chini ya paa moja: bia unamwambia mhudumu wa baa, mishikaki na ndizi unamwita mtu wa jikoni, na bili zinakuja mbili. Kwenye izakaya jiko na kaunta ni kitu kimoja. Watu wanakwenda kunywa, lakini hakuna anayekunywa mikono mitupu, na hakuna anayeagiza sahani moja kubwa, akashiba, akaondoka. Vinakuja visahani vidogo vidogo, vinawekwa katikati ya meza, kila mtu anachota, soga zinaendelea, saa mbili zinapita hujui zimepitaje.

Jina lenyewe linaeleza. Enzi za Edo, ambalo ndilo jina la kale la Tokyo, kulikuwa na maduka yaliyouza pombe ya mchele kwa kipimo. Unakwenda, unapimiwa, unarudi nayo nyumbani. Wapo waliokosa subira ya kufika nyumbani, wakaanza kunywea palepale dukani, na wenye maduka wakaona heri wawawekee kitu cha kutafuna. "I" ni kukaa, "sakaya" ni duka la pombe. Duka la pombe la kukaa.

Nitaijuaje kwa nje?

Tafuta taa nyekundu ya karatasi, kubwa kama boga, inayoning'inia mlangoni. Kisha angalia pazia fupi la kitambaa, noren. Likiwa limetundikwa nje, wamefungua. Likiwa limeingizwa ndani wamefunga, hata kama taa zinawaka na unaona watu. Nyingi zinafungua kuanzia saa kumi na moja jioni.

Nikiingia wanapiga kelele wote. Najibu nini?

Hujibu kitu. "Irasshaimase!" ni karibu, na wanaipiga wote kwa pamoja, hadi mpishi aliyekupa mgongo. Wewe inua vidole kuonyesha mko wangapi, basi. Watakupeleka kaunta, mezani, au kwenye jukwaa la mikeka ya tatami, ambako viatu vinavuliwa na kufungiwa kwenye kijisanduku chenye ufunguo wa kibao.

Kwa sababu hiyo, nikiulizwa "nivae nini", jibu langu ni moja: soksi nzima. Nguo vaa unavyotaka. Nimekaa jioni nzima nimekunja vidole vya mguu wa kulia chini ya meza, kidole gumba kikichungulia kama mwana wa kobe, na profesa wangu amekaa mbele yangu.

Ukikaa tu, unaletewa kitambaa chenye unyevu, cha moto wakati wa baridi, cha baridi wakati wa joto. Hicho ndicho jagi na beseni lao. Futa mikono, kikunje, kiweke pembeni. Utawaona wazee wanajifutia uso na shingo. Waache, wamefika umri huo.

Mbona wameleta chakula nisichoagiza?

Hili ndilo swali linaloongoza, na mimi mwenyewe nililijua kwa machozi. Mara yangu ya kwanza tulikuwa wanne. Kabla hatujasema lolote, vikaja vibakuli vinne vidogo, kila kimoja na vipande viwili vya figili nyeupe iliyochemshwa. Tukasema looh, hawa wakarimu, wanatoa ofa kama karanga za baa za kwetu. Tukala. Bili ilipokuja ilikuwa na yeni 1,600 ambazo hatukuzielewa, na mhudumu naye hakuwa na Kiingereza cha kutueleza. Tuliondoka tumenuna, tukiamini tumeibiwa.

Hatukuibiwa. Ile inaitwa otoshi, na upande wa Osaka na Kyoto wanaiita tsukidashi. Ni kiingilio kinachokuja kwa sura ya chakula. Kila mtu mezani anatozwa, kwa kawaida yeni 300 hadi 500, na mara nyingi haikataliki. Yapo maduka, hasa yale makubwa yenye matawi, ambayo ukisema mapema "otoshi nashi de" wanakuondolea. Kwenye duka dogo la mzee na mkewe usijaribu, utaonekana umekuja kugombana.

Siku hizi naichukulia otoshi kama kionjo cha mpishi. Hukuichagua wewe, kaichagua yeye. Figili ikija imeiva mpaka ndani na mchuzi umekolea, kaa, kuna mtu jikoni. Ikija saladi ya makaroni iliyotoka kwenye mfuko, kunywa kimoja, lipa, hamia duka la jirani.

Naagizaje kama sijui lugha?

Kwanza shukuru: silabi zao zinasomeka kama zetu. Andika neno kwa herufi za kawaida, lisome kama Kiswahili, na utaeleweka kuliko Mzungu aliyesoma miaka miwili.

Maduka mengi yana kompyuta ndogo mezani au alama ya kupiga picha kwa simu, na picha za vyakula zipo. Mengine yana kitufe, unabonyeza mtu anakuja. Kusipokuwa na chochote, unaita: "Sumimasen!" Na uite kwa sauti. Hapa Japani, ambako kwenye treni mtu akikohoa anaona haya, izakaya ndiko mahali unaporuhusiwa kupaza sauti. Ukinong'ona utakaa hapo mpaka kesho.

Onyesha kwa kidole kwenye menyu, sema "kore", yaani hii, kisha idadi: hitotsu moja, futatsu mbili, mittsu tatu. "Kore futatsu" itakulisha mwaka mzima.

Vinywaji vinaagizwa kwanza, kabla hata hujafungua ukurasa wa vyakula. Chakula agiza sahani mbili tatu, zikiisha agiza nyingine. Kosa la wageni, na sisi tunaongoza, ni kuagiza kila kitu kwa mpigo kama tunaogopa jiko litafungwa. Meza ni ndogo, sahani zinabebana, vya moto vinapoa, na unakuta umelipia vitu sita ilhali viwili vya kwanza vingetosha.

Bia wanauliza baridi au moto?

Hawaulizi. Bia ni baridi, na mara nyingi glasi yenyewe imetoka kwenye friza. Sema "nama" upate ya pipa, au "bin" upate ya chupa. Kampuni kubwa ni nne, Asahi, Kirin, Sapporo na Suntory, na kila duka lina yake. Chupa ya kawaida ni mililita 500 na inaletwa na glasi ndogo, kwa sababu imekusudiwa kumiminiana. Hujimiminii. Unammiminia jirani, naye anakuona glasi imepungua, anachukua chupa. Ukiona imekauka na hakuna anayekutazama, mmiminie yeye hata kama yake bado imejaa. Atashtuka.

Sake ndiyo ile pombe ya mchele? Ni kali?

Kwa Kijapani "sake" ni kileo chochote. Ile ya mchele inaitwa nihonshu, na ndivyo inavyoandikwa kwenye menyu. Inatengenezwa kwa mchele, maji, hamira na ukungu uitwao koji, ambao kazi yake ni kuigeuza wanga ya mchele kuwa sukari ili hamira ipate cha kula. Haikenekwi, kwa hiyo msiilinganishe na gongo wala chang'aa. Ukali wake ni kama asilimia 15, juu kidogo ya mvinyo. Desemba 2024 UNESCO iliuweka ufundi huu wa kutengeneza pombe kwa koji kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Sasa lile la baridi au moto ndipo linapopata maana. Kwetu "moto" ni bia ambayo haijaingia friji. Kwao, nihonshu ya moto ni ya moto kweli: chupa ya udongo inatumbukizwa kwenye maji yanayofuka mpaka pombe ifike nyuzi 40 hivi, hiyo ni nurukan, au 50, hiyo ni atsukan. Iliyotoka kwenye friji ni reishu. Na ile ambayo haikupashwa wala kupozwa, yaani hasa ile tunayoiita "moto", wao wanaiita hiya, neno linalotokana na ubaridi! Nilibishana na mhudumu mmoja dakika tano juu ya hili kabla sijaelewa kwamba sote tulikuwa sahihi. Friji zilikuja baadaye. Zamani kulikuwa na iliyopashwa na isiyopashwa tu.

Kipimo ni go moja, mililita 180, katika kichupa chenye shingo nyembamba na vikombe visivyojaa kiganja. Lakini ukibahatika utaletewa kwa mtindo wa mokkiri. Mhudumu anaweka mbele yako kisanduku cha mbao chenye glasi ndani yake. Anakuja na chupa kubwa ya lita 1.8, anaishika shingoni kwa mkono mmoja na kitakoni kwa mwingine, anamimina. Glasi inajaa. Haachi. Pombe inapanda juu ya ukingo, inatetemeka kama inakataa, kisha inashuka pembeni na kuanza kujaza kisanduku, naye anamimina bado, macho yameganda palepale, mpaka inakaribia kufurika mezani. Hapo anakata. Mara ya kwanza nilidhani amepitiwa. Kumbe ni ukarimu wa kujionyesha: umepewa zaidi ya ulicholipia. Usiinyanyue glasi, utamwaga. Inamisha kichwa, ivute kwa midomo, wala hakuna atakayekucheka. Ikipungua, kilichomo kisandukuni unakirudishia kwenye glasi.

Omba na maji. "Omizu kudasai." Ni bure, na asubuhi utanishukuru.

Hivi vingine je? Shochu, hai, sawa?

Shochu ndiyo inayokenekwa. Inatoka kwa viazi vitamu, shayiri au mchele, na nyingi ni asilimia 25. Ya viazi vitamu ni fahari ya Kagoshima, kusini kabisa, na harufu yake ama utaipenda ama utahama meza. Wananywa na barafu, na maji baridi, au na maji ya moto. Ikichanganywa na soda na ndimu inakuwa "sawa" au "chuhai", na hapo ndipo vijana wetu wanapoangukia, kwa kuwa inapita kooni kama soda. Ile inayoanza na "hai", "haibolu", ni wiski na soda.

Kwenye maduka ya kizamani ya Tokyo uliza Hoppy. Ilianza kuuzwa 1948, wakati bia ilikuwa ghali kwa mtu wa kawaida: kinywaji chenye ladha ya bia na kileo kidogo sana, unachotia mwenyewe kwenye glasi ya shochu. Shochu ikiisha unaagiza "naka", yaani ya ndani. Hoppy ikiisha unaagiza "soto", ya nje. Ukiagiza naka mara nne kwa soto moja, wenyeji watakuheshimu, lakini mguu utakataa.

Sinywi pombe. Niende?

Nenda. Chai ya oolong, juisi, soda, vyote vipo, na hata bia isiyo na kileo. Ukiambiwa kunywa kidogo, sema "osake nomenai desu", siwezi kunywa. Wajapani wenyewe wengi mwili wao hauikubali pombe, wanawiva uso kwa nusu glasi, kwa hiyo jibu hilo halimshangazi mtu. Gonganisha glasi yako ya chai mkisema "kanpai" na mambo yamekwisha.

Angalizo moja kubwa. "Uron-cha" ni chai ya oolong. "Uron-hai" ni chai hiyohiyo iliyotiwa shochu. Rangi moja, glasi moja, barafu zilezile. Meza ya watu kumi ikiagiza zote mbili, mwenye haraka anaweza kukuwekea isiyo yako. Baadhi ya maduka huweka mrija kwenye moja ili zitofautiane, lakini usitegemee. Ikifika uliza "Uron-cha?" na uinuse kabla ya kupiga funda.

Usumbufu utaupata kwenye bili: wakigawana sawasawa, wewe wa chai unalipa sawa na aliyekunywa lita mbili. Waandaaji wastaarabu hukupunguzia. Wasipopunguza, kula zaidi.

Mimi ni Mwislamu. Kuna nitakachoweza kula?

Nitasema ukweli ili usije ukanilaumu: izakaya ya kawaida ni mahali pagumu. Nyama haikuchinjwa kwa utaratibu wetu. Kitimoto, ambayo wao ni "buta", inachomwa kwenye jiko lilelile la kuku. Na hata pale usipoona pombe, ipo: mirin, pombe tamu ya kupikia, na sake zinatiwa kwenye michuzi mingi, ukiwemo ule mtamu mweusi wanaoipaka mishikaki. Tofu ya kukaanga inakuja imelowa ndani yake.

Kinachobaki ni samaki mbichi, edamame, ambazo ni maharage mabichi ya soya yaliyochemshwa na chumvi, saladi, viazi vya kukaanga, na samaki aliyechomwa kwa chumvi, japo kuna wapishi wanaomnyunyizia sake kabla ya kumchoma. Kuhusu sosi ya soya yenyewe, ambayo huchachushwa, watu wana misimamo tofauti. Muulize unayemwamini katika dini.

Wapo ndugu wanaokwenda, wakala edamame na samaki, wakaondoka saa ya Isha. Wapo wasiokaa kabisa kwenye meza yenye pombe, na hao nawashauri waseme mapema, "shukyo no riyu de", kwa sababu za dini. Hakuna atakayechukia. Kinachoudhi ni kukubali halafu usitokee, kwa kuwa meza na chakula vimeshahesabiwa kwa vichwa. Njia nyingine ni wewe kuwa mwenyeji: wapeleke maabara nzima Shin-Okubo, Tokyo, kule kwenye kichochoro cha maduka ya halali, au mkiwa Kobe, jirani na msikiti wa mwaka 1935, wa kwanza kujengwa nchi hii. Wenzangu wanaikumbuka biriani ile mpaka leo.

Nianze na chakula gani?

Yakitori. Ni mishikaki ya kuku, na kwa Mswahili huo ndio mlango wa mbele. Momo ni paja. Negima ni paja likipishana na kitunguu cha majani. Tebasaki ni bawa. Kawa ni ngozi, iombe ikauke. Reba ni ini, hatsu ni moyo, bonjiri ni kile kimkia chenye mafuta ambacho nyumbani tunagombania. Tsukune ni nyama ya kusaga iliyoviringwa. Na sunagimo, ndugu zangu, ni firigisi. Nchi nzima inakula firigisi kwenye vijiti bila kujiuliza nani mkubwa mezani wa kupewa. Mimi naagiza sita.

Utaulizwa "shio" au "tare": chumvi au ule mchuzi mtamu. Firigisi na ngozi shio, ini na tsukune tare. Huo ni msimamo wangu na sibadiliki.

Ukipata nafasi kaa kaunta, mbele ya mchomaji. Mkaa wa maduka mazuri ni binchotan, unaotengenezwa kwa mti mgumu wa jamii ya mwaloni, na uliosifika zaidi unatoka Wakayama. Ukigonganisha vipande viwili vinalia kama chuma. Hautoi moshi, moshi unaouona ni mafuta ya kuku yanayodondoka. Mzee mmoja ninayemwendea anashika kipepeo cha karatasi mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unageuza vijiti kumi na viwili kimoja baada ya kingine, hausimami. Anapepea mara mbili, anageuza. Akiona ulimi wa moto unapanda, anausukuma pembeni kwa upepo, hamwagii maji kama wanavyofanya wa kwetu. Nimemtazama miaka, nikirudi kwenye jiko langu bado naunguza.

Kutoka hapo nenda kwenye karaage, kuku wa kukaanga vipande, lakini usikamue limau juu ya sahani ya watu wote bila kuuliza. Watu wazima wamekosana kwa ajili ya hilo. Watu wa Pwani mtafurahia pweza, ila takowasa ni mbichi na wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, inapanda puani. Shirasu ni dagaa mchele kabisa. Shishamo ni visamaki vyenye mayai tumboni, vinaliwa kuanzia kichwa hadi mkia. Shiokara, yaani ngisi aliyechachushwa pamoja na matumbo yake, iache mpaka mwaka wa pili.

Pilipili usitegemee. Kuna kichupa cha shichimi, mchanganyiko wa viungo saba. Kitie chote na bado hutatoka jasho.

Vyote hivi vibichi ni salama?

Samaki, sina shaka naye kwenye duka lenye wateja. Kuku mbichi ndiye ninayemkataa, na yupo, hasa kusini: vipande vya rangi ya waridi, pembeni vimepitishwa motoni kidogo. Ini bichi la ng'ombe lilipigwa marufuku mwaka 2012, nyama mbichi ya nguruwe 2015. Kuku haikupigwa marufuku nchi nzima, lakini bakteria wake hawajapata taarifa hiyo. Sema "yoku yaite", choma sawasawa.

Nisipojua vijiti vya kulia?

Omba uma, "foku". Ukivitumia kumbuka mawili. Usivisimamishe kwenye bakuli la wali, hivyo ndivyo marehemu anavyowekewa. Wala usimpokeze mwenzako kipande kutoka vijiti vyako kwenda vyake, maana baada ya kuchoma maiti ndugu hupokezana mifupa hivyo. Mengine yote utasamehewa.

Nomihodai ni nini, na inalipa?

Kunywa upendavyo kwa bei moja, dakika 90 au 120, kwa kawaida kati ya yeni 1,500 na 2,000. Mkichagua mmechagua meza nzima, na huagizi glasi ya pili kabla ya kurudisha ya kwanza. Agizo la mwisho ni nusu saa kabla ya muda kuisha. Kwa mtu wa glasi mbili haikulipi. Kwa mtu anayejiambia "nimeshalipia lazima nifidie", inamlipa zaidi ya anavyotaka.

Umri? Sigara?

Miaka 20. Utu uzima wa kisheria ulishuka hadi 18 mwezi wa nne 2022, lakini pombe na sigara zimebaki 20. Beba kadi ya ukaazi. Sigara zilibanwa na sheria tangu Aprili 2020, ingawa maduka madogo ya zamani yanaweza kupata ruhusa. Angalia bango mlangoni. Nguo zikishika moshi huo, hautoki wiki nzima.

Tumealikwa na profesa. Nikae wapi?

Ngoja uonyeshwe. Mkubwa anakaa mbali na mlango, mdogo karibu nao ili apokee sahani na kuita mhudumu. Usinywe kabla ya kanpai. Mnapogonganisha, glasi yako iwe chini kidogo ya yake. Mwezi wa kumi na mbili kuna bonenkai, sherehe ya kuusahau mwaka, na baada ya kila sherehe kuna "nijikai", duru ya pili mahali pengine. Duru ya kwanza ni wajibu nusu nusu. Ya pili ni hiari, jiondokee kwa amani. Kesho yake ukimkuta profesa, mshukuru kwa jana kabla hujataja utafiti.

Bili naombaje, na bakshishi niache ngapi?

"Okaikei onegai shimasu", au pishanisha vidole viwili vya shahada viwe kama alama ya kuzidisha. Mara nyingi unapewa karatasi, unalipia mlangoni. Kodi ya mauzo ni asilimia 10. Kula na kunywa kwa kiasi kutakugharimu yeni 3,000 hadi 4,000. Bakshishi hakuna. Niliacha sarafu mezani kwa wema, msichana akanikimbiza hadi kwenye taa za barabarani, anahema, kunirudishia yeni 180. Beba fedha taslimu, maduka madogo mengine hayapokei kadi.

Barabarani kuna vijana wanatuita kwa Kiingereza, eti bia bei poa.

Msiwafuate. Kabukicho, mtaa wa starehe ulioko Shinjuku, Tokyo, vipaza sauti vinatangaza usiku kucha kwamba msiwafuate. Duka zuri halihitaji mtu wa kuvuta wateja njia panda. Ukiingia kwa kuvutwa, bei ya nje si bei ya ndani.

Nitarudije?

Treni ya mwisho ni kama saa sita usiku, iangalie kabla ya kuagiza ya mwisho. Baiskeli iache. Tangu Novemba 1, 2024, kuendesha baiskeli ukiwa na kileo mwilini kunaweza kukupa kifungo cha hadi miaka mitatu au faini ya hadi yeni 500,000, na ukiwa na viza ya mwanafunzi sina haja ya kukufafanulia. Kwa gari, hata aliyekupa kileo na abiria aliyejua wanaweza kuadhibiwa.

Naweza kwenda peke yangu?

Ndiyo, na mimi napenda hivyo zaidi. Kaa kaunta, au tafuta duka la kunywa umesimama, ambako yeni 1,000 bado inafika mbali. Mwishoni agiza ochazuke: wali kwenye bakuli, samaki kidogo au plamu ya chumvi juu yake, kisha chai ya moto inamiminwa humo humo. Najua, wali kwa chai. Jaribu. Ukitoka, mgeukie mpishi useme "gochisosama deshita", naye atakuitikia kwa sauti kubwa, na hapo ndipo utajua mwakani atakukumbuka.